Nimepata stili ya pedali ya zamani hapa Texas, haina jina popote. Nitajuaje ni ya mwaka gani?

Mwana_OlKalou:

Wakuu habari zenu, natumai wote mko salama. Niko Fort Worth, Texas, mwaka wa sita sasa. Jumamosi iliyopita nilipita mji mmoja mdogo nje ya hapa, nyumba fulani walikuwa wanauza vitu vya marehemu, unajua huku mzee akifariki watoto wanafungua mlango wanabandika bei kwa kila kitu mpaka vijiko, na kule gereji nyuma ya matairi nikaona keisi ndefu imejaa vumbi. Nikadhani ni cherehani ya meza. Kufungua hivi ni gitaa la stili la pedali, lile linalolazwa kama meza na kupigwa kwa kutelezesha chuma juu ya nyuzi! Miguu yake minne imefungwa na kamba ya viatu, pedali sita, na ndani ya keisi kile chuma cha kutelezesha kimevikwa soksi ya mtoto. Nililipa bila kupatana bei.

Iko hivi: shingo moja, nyuzi 8, vitufe viwili upande wa kulia karibu na briji. Mtu ameipiga rangi nyeusi, tena ya brashi, unaona kabisa michirizi. Jina hakuna mbele, hakuna nyuma. Ukiigeuza juu chini unakuta kebo nyembamba za chuma zinatoka kwa pedali zinaenda mpaka kwa ile mashine ya upande wa briji, na moja imekatika.

Sababu ya kuwasumbua ni hii. Baba yangu pale Ol Kalou alikuwa na redio ya National ya mkanda wa ngozi, jioni akishatoka kukamua anaiweka dirishani, Jim Reeves, Charley Pride, Don Williams, na kuna ile sauti ilikuwa inapita nyuma ya mwimbaji inalia kama mtu anavuta neno na halimaliziki. Nilikua nikidhani ni fidla. Nilifika hapa Texas ndipo nikaona kwa macho yangu kumbe ni mtu ameketi, mguu uko kwa pedali na mkono umeshika chuma. Sasa nilipompigia baba kumwambia nimeipata kitu alichouliza kwanza ni ya mwaka gani, na ilikuwa ya nani, na sikuwa na jibu lolote la kumpa. Nataka kumjibu vizuri. Naanzia wapi?

Kasuku_88:

Tafuta namba ya siriali mkuu, uiingize gugo, dakika mbili umemaliza.

FundiNyuzi:

Hongera sana ndugu, na pole kwa hiyo rangi. Mimi ni fundi wa magitaa, sasa niko Tanga lakini nilikaa Tulsa miaka tisa nikifanya kazi kwa mzee mmoja aliyekuwa anatengeneza hizi stili, kwa hiyo nimelala sana chini ya hivyo vyuma.

Namba ya siriali iache kwanza. Kasuku hajakosea kuitaja ila kwa vyombo vya Marekani vya miaka hiyo namba inadanganya sana, viwandani mabamba yenye namba yalikuwa yanachotwa tu kwenye boksi bila kufuata mstari, unakuta chombo kilichotengenezwa mapema kina namba kubwa kuliko cha baadaye. Anza na mashine. Rangi inabadilishwa, jina linang'olewa, vitufe vinabadilishwa, lakini mfumo wa kuvuta nyuzi hakuna mtu anayeung'oa wote akaweka wa kampuni nyingine, ni kazi ya kichaa hiyo.

Sasa hebu tuchuje. Gibson walitoa stili yao ya Electraharp mwishoni mwa miaka ya 1930 pale Kalamazoo, Michigan, lakini ile ya kwanza pedali zake zimekusanyika kwenye mguu mmoja wa kushoto kama vidole vya bata, yako umesema zimejipanga sita, kwa hiyo siyo. Multi-Kord ya ndugu wa Harlin wa Indianapolis, nyingi ni nyuzi 6, tuiweke pembeni. Paul Bigsby wa Downey, California, huyo ndiye aliyemtengenezea mpiga stili Speedy West chombo chake mwaka 1948, na alikuwa na tabia nzuri sana ya kugonga tarehe kwenye chombo kama ndiyo namba yake, mwezi siku mwaka, lakini alitengeneza kwa mkono moja moja na kama ungekuwa na Bigsby ile alumini yake na mbao yake ya mepo yenye macho macho ingekuambia yenyewe hata chini ya rangi. Sho-Bud ya Nashville, ya Shot Jackson na Buddy Emmons, na baadaye Emmons mwenyewe alipoondoka kwenda kuanzisha yake na Ron Lashley kule North Carolina, hizo zote ukizigeuza unakuta fito za chuma zilizonyooka, siyo kebo. Halafu Sho-Bud nyingi kwenye fretibodi, ule ubao ulio chini ya nyuzi, zina alama za karata, kopa, kisu, shupaza, pau.

Wewe una kebo. Nyuzi 8, shingo moja, kebo, vitufe viwili. Kwa maelezo hayo mimi naiona modeli ya 400 ya kampuni ya Fender kutoka Fullerton, California. Fender walianza na 1000 yenye shingo mbili mwaka 1957, na 400 ya shingo moja ikaifuata muda si mrefu, wakaendelea kuzitoa hadi miaka ya 1970. Kwa hiyo tayari una dirisha la karibu miaka ishirini, sasa kazi ni kulipunguza.

Fanya mambo mawili. Kwanza pima urefu wa uzi kutoka pale unapoanzia kushoto mpaka unapokanyaga briji. Zile za mwanzo zilikuwa inchi 24 na nusu, baadaye wakapunguza hadi 23. Pili chukua bisibisi ufungue kile kibamba cha vitufe, taratibu, piga picha ya kila kitu kabla hujagusa waya hata mmoja. Na nakuomba kwa heshima yote, usiikwangue hiyo rangi nyeusi. Bado.

Mwana_OlKalou:

Fundi asante sana, nimesoma jibu lako mara tatu nikiwa kwa break kazini.

Nimepima. Ni inchi 23 kamili, nimerudia na tepu mbili tofauti.

Nimefungua kibamba. Kwanza chini yake rangi nyeusi haikufika! Kuna ukanda mwembamba hivi, upana wa kidole, unaonyesha rangi ya awali, kahawia iliyokolea pembeni halafu inafifia inakuwa kama ya asali. Nilikaa nikiiangalia tu. Halafu kuna vile vifaa viwili vya duara chini ya vitufe. Kimoja kina namba imegongwa kwa mgongo, nimefuta na pamba nikamulika na simu kwa upande ndio ikasomeka: 1376622. Kingine hakina namba kama hiyo, kimeandikwa tu 250K, na ile risasi ya kulehemia kwake inang'aa, ya huyu wa kwanza imefubaa imekuwa kijivu kama jivu la makaa. Hizo namba zinamaanisha nini?

Kasuku_88:

66 hapo katikati, ni ya 1966. Imeisha hiyo.

MzeeWaMawimbi:

Hapana mwanangu haijaisha, ngoja kidogo.

Mimi ni mtu wa Mombasa, nimetengeneza redio tangu zama za valvu na sasa nimestaafu, magitaa siyajui lakini hiyo namba naijua vizuri sana kwa sababu haikuwa ya magitaa, ilikuwa ya viwanda vyote vya elektroniki vya Marekani. Tumeziona kwenye redio, kwenye amplifaya za msikitini, kwenye projekta za sinema. Tarakimu tatu za kwanza ni mtengenezaji wa kile kifaa cha kurekebisha sauti kilicho chini ya kitufe, twakiita potensiomita. 137 ni kampuni ya CTS. Ungeona 304 ingekuwa Stackpole, 134 ni Centralab, 140 ni Clarostat. Zinazofuata ni mwaka, na mbili za mwisho ni wiki ya mwaka huo. Kwa hiyo yako ni CTS, mwaka 66, wiki ya 22, yaani mwisho wa Mei au mwanzo wa Juni 1966. Za kabla ya miaka ya 1960 mwaka ulikuwa waandikwa kwa tarakimu moja tu, hapo mtu huchanganyikiwa, 7 yaweza kuwa 1947 au 1957. Na ukisoma wiki ukapata 60 au 75 jua umesoma vibaya au hiyo siyo tarehe, mwaka hauna wiki zaidi ya hizo 52, 53.

Sasa sikiza. Hiyo ni siku ya kuzaliwa ya potensiomita, si ya gitaa. Potensiomita ilitoka kiwandani kwao, ikapakiwa, ikafika Fullerton, ikakaa kwenye droo, siku moja fundi akaichukua. Yaweza kuwa baada ya mwezi, yaweza kuwa baada ya miaka. Unachoweza kusema kwa hakika ni kimoja tu, gitaa halikukamilika kabla ya Juni 1966. Tena hata hilo ni iwapo kifaa ni cha asili, na hapo ndipo nakusifu kwa kuangalia ile risasi. Risasi iliyofubaa sawasawa na iliyoko kwenye waya wa ardhi na kwenye pikapu ya kunasa sauti, hiyo ni mkono mmoja siku moja. Inayong'aa ni mkono mwingine aliyekuja baadaye. Hebu itazame ya kwanza na ya waya wa ardhi, zafanana?

FundiNyuzi:

Shikamoo mzee, umeeleza vizuri kuliko nilivyofundishwa mimi.

Naongezea moja ambalo kwa Fender ni muhimu mno. Leo Fender, mwenye kampuni, aliiuza kwa shirika la utangazaji la CBS Januari 1965 kwa dola milioni 13, na hao wapya wakanunua vifaa kwa wingi mkubwa. Ndiyo maana unafungua Fender ya 1967, ya 1968, hata ya 1969 unakuta potensiomita ya 66. Imewapotosha wengi sana, na wapo wanaouza kama ya 1966 kwa sababu hiyo tu. Kwa hiyo ndugu wa Ol Kalou, andika pembeni: siyo kabla ya Juni 1966. Upande wa pili bado uko wazi.

Hiyo rangi uliyoiona chini ya kibamba ni sanibasti ya kiwandani, ndiyo waliyovaa hizi nyingi. Angalia pia kama kuna maandishi ya penseli au kipande cha teipu ya karatasi humo ndani, mafundi wa Fender walikuwa na desturi hiyo kwenye magitaa yao.

Mwana_OlKalou:

Mzee shikamoo. Ndio zinafanana kabisa, ya ardhi na ya potensiomita ya kwanza zote zimefubaa namna moja.

Penseli sijaona, teipu ya ndani sijaona. LAKINI, niligeuza chombo chote juu chini juu ya blanketi nikakuta upande wa chini, karibu na mguu wa kushoto wa nyuma, kuna teipu nyeupe ya hospitali imekuwa ya njano, na mtu ameandika kwa kalamu ya wino herufi zimeshuka kama ngazi: E C# A F# E C# A F#. Halafu chini yake namba 1 mpaka 6 na mishale mishale, na pembeni ya 4 ameandika neno ambalo nalisoma kama "slow". Wino umesambaa kidogo kwa sababu ya unyevu. Sikuigusa.

BiSolo_Nakuru:

Kaka hiyo teipu usiitoe hata kama kuna mtu atakuambia usafishe! Hiyo ndiyo sauti ya huyo mzee imeandikwa.

Mimi napiga gitaa kwa bendi ya country hapa Nakuru, mnajua wenyewe vile sisi watu wa huku tunapenda hizi nyimbo, harusi haiishi bila Jim Reeves. Stili ya pedali sina, natumia ya kawaida ya kuweka mapajani, lakini tyuningi, yaani namna nyuzi zinavyopangiwa noti, nimezisoma. Hizo herufi ni A6. Hiyo ni tyuningi ya watu wa swing ya Texas na Oklahoma, ule muziki wa densi wa Bob Wills na Texas Playboys, trampeti na fidla na stili pamoja. Siyo ya Nashville. Nashville ile sauti unayosikia kwa rekodi nyingi za country ni tyuningi ya E9, na hiyo ilikamilika baada ya Buddy Emmons kuongeza nyuzi mbili mwaka 1962, ikawa nyuzi 10, ndio hata kampuni nyingi zikahamia kumi. Fender wenyewe walitoa za nyuzi 10 katikati ya miaka ya 1960, zile modeli za 800 na 2000.

Sasa fikiria. Huyu mtu ana chombo kisichoweza kuwa cha kabla ya 1966, wakati wenzake wote wanataka nyuzi kumi na E9, na yeye yuko na nyuzi nane na A6. Kwangu hiyo inaniambia alikuwa mtu wa densi, mwenye umri kidogo, aliyejifunza zamani kwa stili isiyo na pedali kabisa na masikio yake yakabaki huko. Siwezi kuapa kwa sababu pia kuna kina Sneaky Pete Kleinow wa bendi ya Flying Burrito Brothers, yeye alibaki na Fender 400 yake ya nyuzi nane akiitumia tyuningi ya B6 na mbele ya vijana wa roki tena, na Ralph Mooney kule California alipiga nyuma ya Buck Owens na Wynn Stewart kwa Fender 1000. Lakini A6, Texas, nje ya Fort Worth? Huyo alikuwa akipigia watu wakicheza Jumamosi usiku. Na hilo neno "slow" kwa pedali ya nne, nadhani alikuwa anajikumbusha aikanyage polepole, hapo ndipo ile kulia inapotoka, ukikanyaga haraka inakuwa kama umegonga kengele.

Hao waliokuuzia huna namba yao? Waulize. Hakuna namba ya kifaa itakayokuambia ilikuwa ya nani.

Mwana_OlKalou:

Wiki mbili nimekaa kimya, samahani wakuu, nilikuwa zamu za usiku. Ninayo habari.

Nilikuwa na namba ya binti ya marehemu kwa sababu alinitumia ujumbe wa kulipia. Nikaogopa kumsumbua kwa msiba, Bi Solo ulipoandika nikaona heri nijaribu, nikamwandikia kwa adabu, nikamwambia mimi ni nani na baba yangu ni nani na kwa nini nauliza. Alinipigia simu. Tuliongea dakika arobaini na tano. Jina la mzee sitaliweka hapa kwa sababu sikuomba ruhusa, lakini mchana alikuwa anafanya kazi kiwanda cha ndege na Jumamosi anapiga densi, Bi Solo ulisema kweli kabisa, na alianza akiwa kijana kwa stili ya mapajani bila pedali. Ile rangi nyeusi aliipiga yeye mwenyewe baada ya mtu kumwagia pombe mbele ya chombo, alikasirika akaipaka usiku ule ule. Na ile soksi ni ya huyu binti alipokuwa mdogo. Aliponiambia hivyo wote wawili tukanyamaza kwa simu.

Sasa shikilieni. Amenitumia picha. Ni ile picha ya karatasi yenye ukingo mweupe, na kwa ukingo pembeni imechapwa AUG 68. Mzee ameketi na shati jeupe la mikono mifupi na stili iko mbele yake, sanibasti, bado haijapakwa. Kona ya mbele kulia kuna alama nyeusi ya sigara, ndogo kama punje ya haragwe. Nikaenda kwa chombo changu nikapitisha kidole kona ile ile. Chini ya rangi nyeusi kuna kishimo. Pale pale.

MzeeWaMawimbi:

Alhamdulillahi. Hiyo tarehe ya ukingoni ilichapwa siku filamu iliposafishwa dukani, kwa hiyo picha yaweza kuwa ilipigwa kabla kidogo lakini haiwezi kuwa baada. Sasa una milango miwili. Potensiomita ilikufungia upande wa chini, picha imekufungia upande wa juu. Kati ya Juni 1966 na Agosti 1968. Mwambie mzazi wako hivyo na usiongeze wala usipunguze, hata kama mtu atakuja kukushawishi useme 1966.

FundiNyuzi:

Nakubaliana na mzee asilimia mia. Fender 400, Fullerton, miaka ya CBS, Juni 1966 hadi Agosti 1968. Na rangi nyeusi sasa mimi ningeiacha milele, ni yake mzee.

Mwana_OlKalou:

Itabaki nyeusi.

Nimempigia baba jana asubuhi, kwake ilikuwa jioni. Nimemwambia kila kitu mpaka soksi. Akasema mwaka 1967 yeye ndio aliajiriwa mara ya kwanza na mshahara wa kwanza wa maana ndio ulinunua ile redio. Akanyamaza kidogo akauliza, na inalia? Nikamwambia bado, kebo ya pedali ya nne imekatika. Ile ya "slow". Fundi nifanyeje?

FundiNyuzi:

Pedali ya nne tena! Usihangaike kutafuta ya Fender. Itoe ile iliyokatika, vipande vyote viwili, uviunganishe juu ya meza upime urefu, halafu upime na unene wake kwa kalipa, uende navyo duka la baiskeli uwaonyeshe, waya wa breki wa ndani ule uliosokotwa ukipata wa unene huo huo unafaa kabisa, mwenzangu kule Tulsa alizifunga hivyo nyingi. Chukua miwili, mmoja wa akiba. Kata kwa koleo kali mara moja isifumuke, tia tone la risasi kwenye ncha kabla hujaipitisha, na usiweke grisi nyingi, tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila kona inapopinda. Ukishafunga usiivute kwa nguvu siku ya kwanza. Kanyaga polepole, tyuni, kanyaga tena. Ikishatulia mpigie mzee simu uiweke kwenye spika.